Chembe za Mpakani: Maisha ya Leodegar Mallya, Mhesabu Damu ya Sungura

Wapendwa waombolezaji, ndugu na jamaa, majirani wa Mtaa wa Sikukuu na wa Kariakoo yote, wafanyakazi wenzake, na ninyi mliosafiri kutoka mbali, familia ya mzee Marcelino Mallya inawaomba mlio juani msogee kivulini, kwa maana historia hii ni ndefu kidogo kuliko mlivyozoea, na marehemu mwenyewe aliagiza isifupishwe. Aliitamka akiwa kitandani, mchana wa siku tatu, na anayeisoma mbele yenu ni mdogo wake Severine, ambaye ndiye aliyeiandika neno kwa neno, na kuongeza machache yaliyotokea baadaye.

Leodegar Marcelino Mallya alizaliwa tarehe 14 Machi 1922, Kibosho, wilaya ya Moshi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Marcelino na mama Winifrida, katika kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kilichopakana na cha jirani kwa mstari wa masale. Kwa wasioyajua, masale ni mimea yenye majani marefu ya kijani, haifi upesi hata ikikatwa, na kwetu Uchagani ina kazi mbili, ya kwanza ni kuonyesha mpaka, na ya pili itaelezwa mahali pake. Mgomba ukiota katikati ya masale yenyewe, pale pale mpakani, jirani wa huku huuhesabu kuwa wake na jirani wa kule huuhesabu kuwa wake, wanakula wote, wala hakuna anayesema ameibiwa. Leodegar alikua akiona hivyo, na tunaomba mlishike jambo hili, kwa sababu ndilo lililomfikisha pabaya.

Alisoma shule ya misheni Kibosho kuanzia mwaka 1931 hadi 1938, akawa wa kwanza darasani katika hesabu miaka yote isipokuwa mmoja aliougua surua. Alikuwa mtoto mpole, mwenye bidii, mwenye sauti nzuri kanisani, lakini alikuwa na kasoro moja ambayo dada yake mkubwa, Blandina, aliyeketi hapa mbele, anaifahamu kuliko sisi sote, nayo ni kwamba aliona haya kuuliza. Siku moja alitumwa kupeleka ndizi kwa shangazi yake aliyehamia Uru, akapotea njia, akapita watu shambani zaidi ya kumi bila kumwuliza hata mmoja, akarudi jioni na ndizi zote kichwani na kusema shangazi hakuwepo. Nyumbani tulicheka miaka mingi, na watu husema kuuliza si ujinga, lakini msemo huo aliusikia tu, hakuufuata.

Alifika Dar es Salaam mwezi Agosti 1946, akapata kazi bandarini ya kuhesabu robota za mkonge zinazoingia melini, kazi aliyoifanya kwa miaka mitano bila kosa hata moja. Tarehe 24 Septemba 1949, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Candida, hapa mnamwona, na Mungu akawajalia watoto watatu, Euphrasia aliyezaliwa mwaka 1950, Pius mwaka 1952, na Josepha mwaka 1956. Alikuwa baba wa kubeba watoto mgongoni hadharani, jambo ambalo wanaume wa mtaani walimcheka nalo, naye akacheka pamoja nao na kuendelea kubeba.

Jumatatu ya tarehe 7 Januari 1952 aliajiriwa katika maabara moja ya uchunguzi hapa mjini, ambayo familia imeamua isiitaje, kwanza kama mtunza wanyama. Walikuwepo sungura, panya weupe, na simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaolia kama ndege. Kila asubuhi alipita sokoni Kariakoo kwa Bwana Bushiri, muuza mchicha, kuchukua majani ya kabichi yaliyonyauka, na Bwana Bushiri akimwona kwa mbali alipaza sauti soko zima lisikie, "Baba Sungura huyo, wanawe hawajala!" Jina hilo likamganda, na wako watu hapa wanaojua leo kwa mara ya kwanza kwamba aliitwa Leodegar.

Katika maabara hiyo alimkuta Bwana Ghanshyam, kijana wa Kihindu wa Mchafukoge, mtoto wa pekee wa mjane mama Champaben, aliyekuwa msaidizi mwenye mafunzo, hodari wa darubini, na mtu asiyejikweza. Kazini walikuwa wawili wa kunywea chai birika moja, ingawa kila mmoja alikuwa na kikombe chake, na Bwana Ghanshyam alimwita Leo, jina ambalo kabla ya hapo lilitumiwa na dada yake peke yake.

Mwezi Juni 1953 mkuu wa maabara, ambaye hapa tutamwita Bwana Daktari, alianzisha kazi ya kupata hesabu ya kawaida ya damu ya wanyama hao. Maana yake ni hii, huwezi kusema dawa fulani imemdhuru sungura kama hujui damu ya sungura mzima ikoje, vitabu vya Ulaya vilikuwa na hesabu zao, lakini hizo zilikuwa za sungura wa Ulaya, wanaokula vingine na kukaa kwenye baridi, wa kwetu hakuna aliyekuwa amewahesabu. Tone la damu lilitolewa katika mshipa wa sikio, likachanganywa na maji ya dawa, likawekwa juu ya kioo kilichochorwa mistari myembamba inayogawanya vyumba vidogo vya mraba, kisha mtu akainama kwenye darubini na kuhesabu chembe chumba kwa chumba. Mnyama akishtuka hesabu ya chembe nyeupe hupanda, kwa hiyo alihitajika mtu wa kumtuliza, na hapo Leodegar alikuwa hana mfano, aliwaimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini mpaka masikio yakalegea.

Bwana Daktari alipoona mikono yake, akaamuru afundishwe kuhesabu, ili kila mnyama ahesabiwe na watu wawili, kila mmoja katika chumba chake cha kazi na daftari lake, bila mmoja kuona la mwenzake, na mwisho madaftari yalinganishwe. Aliyemfundisha ni Bwana Ghanshyam, kwa mchana mmoja, na somo lilikuwa limefika kwenye chembe zilizolala juu ya mistari, zisizo za chumba hiki wala kile, pale Bwana Ghanshyam alipoitwa ghafla ofisini. Aliporudi aliuliza, "Leo, yote umeyashika?" Leodegar, kwa haya ile ile ya njia ya Uru, akajibu, "Nimeshika." Kumbe hakushika, akajiuliza moyoni chembe ya mpakani ni ya nani, akajijibu kama alivyojua tangu kihambani, ni ya wote wawili, akawa anaihesabu katika chumba cha huku, na akifika chumba cha kule anaihesabu tena.

Kanuni haikuwa hiyo. Kanuni ni kwamba chembe zilizo juu ya mistari miwili ya chumba huhesabiwa, na zilizo juu ya mistari miwili mingine huachwa, ili kila chembe ihesabiwe mara moja tu. Kwa muda wa miezi kumi Leodegar alihesabu wanyama mia moja na ishirini kwa uaminifu wote, kwa mpangilio ule ule, na kwa kosa lile lile.

Mwezi Aprili 1954 madaftari yalilinganishwa, sungura ambaye kwa Bwana Ghanshyam alikuwa na chembe nyekundu milioni tano na laki moja, katika tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti, kwa Leodegar alikuwa na zaidi ya milioni sita, na ikawa hivyo kwa kila mnyama. Bwana Daktari alifungua kitabu cha Ulaya, akaona hesabu za Leodegar ndizo zinazokikaribia, akasema basi huyu mwingine ama anaruka chembe ama anajiandikia tu. Bwana Ghanshyam alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Bwana, njoo uhesabu nami, chumba kwa chumba." Bwana Daktari alikuwa na likizo wiki ile, meli yake ilikuwa bandarini, hakuhesabu. Leodegar alikuwa amesimama karibu na dirisha, na anasema siku hiyo hakuwa na hatia, kwa sababu aliamini kweli kwamba rafiki yake amekosea, hata alimwonea huruma. Tarehe 30 Aprili 1954 Bwana Ghanshyam aliachishwa kazi, kwa barua iliyosema hesabu zake haziaminiki, na nafasi yake ya kwenda Nairobi kusoma mwaka mzima ikafutwa.

Hatia ilianza tarehe 16 Septemba mwaka huo huo, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Alikuwa akisafisha kisanduku cha kile kioo, akainua kitambaa cha ndani, akakuta chini yake karatasi ya maelekezo iliyokunjwa, yenye picha ya chumba cha mraba, mistari miwili imekolezwa wino, miwili imeachwa myembamba. Aliitazama mara moja akaelewa. Alimtoa sungura mmoja mwenye masikio ya kijivu, ambaye wote wawili walikuwa wamemhesabu, akatoa damu, akahesabu upya kwa kuacha mistari miwili, akapata milioni tano na laki moja. Akakaa sakafuni kati ya vizimba, na sungura yule mkononi.

Wapendwa, hapa ndipo ndugu yetu angeweza kuinuka na kwenda ofisini, ni hatua ishirini tu, yeye mwenyewe amezipima. Hakwenda. Alikuwa amekwisha kupandishwa cheo, jedwali la hesabu ya kawaida lilikuwa limebandikwa ukutani na jina lake chini, na mdogo wake, huyu huyu anayesoma, alikuwa ameanza masomo ya ualimu kwa jasho la cheo hicho. Alijiambia atasema Jumatatu. Jumatatu ikafika, akajiambia atasema Bwana Daktari akirudi kutoka likizo yake ndefu. Bwana Daktari akarudi, akampa mkono kwa kazi njema, naye akaupokea. Karatasi ile aliikunja akaitia katika kitabu chake cha sala, ikakaa humo miaka mitano, na kila Jumapili alipokifungua ilikuwa ya kwanza kuonekana.

Bwana Ghanshyam alizunguka mjini akitafuta kazi ya maabara, kila alipokwenda barua ile ilikuwa imetangulia, mwishowe akaingia duka la vitambaa la mjomba wake Manubhai, pale Mchafukoge, akashika futi na mkasi. Alianza kuvaa miwani, kwa maana alipowaza sana aliona pengine kweli macho yake ndiyo mabovu, na yule aliyempimia akamwambia macho ni mazima, lakini hakuamini, akanunua. Leodegar alipoiona miwani ile usoni kwa rafiki yake kwa mara ya kwanza, alisingizia amesahau kitu sokoni, akatoka dukani bila kununua alichofuata.

Lakini alirudi, kwa sababu nafsi ikimsuta mtu humrudisha pale pale. Kila Januari alinunua hapo kitambaa cha sare za watoto, na Bwana Ghanshyam alimpimia yadi zake, akafika mwisho, akaongeza shubiri moja bure, akauliza, "Na sungura wetu hawajambo?" Leodegar alijibu hawajambo. Mwezi Desemba 1957 alipewa kitambaa cheupe cha kutosha shati zima, kuwa zawadi ya Krismasi, Candida akampeleka kwa fundi likashonwa vizuri, na mumewe hakulivaa hata siku moja. Mkewe alidhani linambana. Nyumbani alianza kuwa mkali bila sababu, kisha kuomba radhi kwa makosa ambayo hakuna aliyeyaona, na aliacha kuimba, kanisani na kwa sungura pia, naye Candida alimwuliza mara nyingi ana nini, akaambiwa ni uchovu wa kazi.

Mwezi Juni 1959 uchovu ukawa wa kweli, alipandwa na homa zisizokoma, akakonda, akatokwa na madoa ya damu chini ya ngozi. Alipelekwa hospitali, damu yake ikahesabiwa, chembe nyeupe zikaonekana zimezidi mno, na madaktari wakaieleza familia kwa upole kwamba ni ugonjwa wa damu usio na dawa hapa wala kwingine. Yule kijana aliyemhesabu damu anasema mgonjwa alimshika mkono na kumwuliza kama mistari miwili ameiacha, akajibiwa imeachwa, akamwambia, "Vizuri sana, mwanangu, kama hujui, uliza." Watu walidhani ni homa inayosema.

Mwezi Septemba alirudishwa nyumbani, na dada yake Blandina akaja kumwuguza kwa basi la Moshi. Kabla hajaondoka Kibosho alipelekewa ujumbe amletee isale, chipukizi moja lenye mizizi, akalifunga kwa majani makavu ya mgomba, akalinywesha maji njia nzima. Sasa ndiyo kazi ya pili ya masale, ambayo tuliahidi kuieleza. Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake vibaya humchukulia isale, na aliyekosewa akilipokea mkononi, amesamehe, hata kama ni damu iliyomwagika, hawezi tena kugeuka. Ndiyo maana halitolewi ovyo, na anayelitoa hutangulia kutaja kosa lake.

Jumapili ya tarehe 18 Oktoba Bwana Ghanshyam alikuja kumtazama mgonjwa, amebeba machungwa. Candida na Blandina walikuwepo chumbani. Leodegar alijiinua, akalishika isale kwa mikono miwili, akamnyoshea, na wanawake wale wawili wakashikwa na butwaa, kwa maana walijua maana yake ingawa hawakujua kosa. Wakangoja alitaje. Yeye akasema, "Mpelekee mama, ni ua la kwetu." Bwana Ghanshyam akalipokea kwa furaha, akashukuru, akaenda nalo, na mama Champaben akalipanda katika kopo la samli, kwenye baraza lao la ghorofani.

Mgeni alipotoka, Blandina aliufunga mlango akasema, "Leo, umemfanyia nini mtoto wa watu?" Hapo ndipo yote yalipotoka, kwa kilio, mbele ya mkewe na dada yake. Blandina alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia maneno ambayo marehemu aliagiza yaandikwe kama yalivyo, "Huo msamaha umeuiba. Kwanza ulimwibia kazi, sasa umemwibia na msamaha." Kesho yake mchana Severine aliitwa aje na kalamu.

Alikusudia pia kumwita Bwana Ghanshyam na kumwambia kwa kinywa chake. Alisema Ijumaa, kisha akasema akipata nguvu kidogo, kisha baada ya Watakatifu Wote, ugonjwa wa kuahirisha ukawa mkubwa kuliko ule wa damu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Jumatano ya tarehe 4 Novemba 1959, saa tisa alasiri, akiwa amepokea sakramenti za mwisho, na Candida akimfuta uso, Leodegar alifariki dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na saba. Neno lake la mwisho kwa mdogo wake lilikuwa, "Soma yote."

Haikuwa rahisi kukubaliana. Jana asubuhi wako wazee wetu waliosema marehemu hasemwi, watoto ni wadogo, jina la ukoo lifunikwe pamoja na mwenyewe, na Severine anakiri kwamba naye alikuwa upande huo, kwa kuwa cheti chake cha ualimu kilitokana na cheo kile cha kaka yake. Candida alimaliza kushona kifungo cha shati jeupe, lile lisilovaliwa, ambalo ndilo amevishwa leo, halafu akasema, "Isomwe. Mume wangu nilimjua nusu, na nusu iliyobaki sitaizika bila kuiona."

Kwa heshima, haikufaa Bwana Ghanshyam ayasikie haya kwa mara ya kwanza katikati ya watu. Jana saa sita Severine alikwenda dukani, akamsomea yote, naye alisikiliza huku akikunja kitambaa kile kile, akikikunjua, akikikunja. Alipofikishwa mwisho hakuuliza habari za kazi wala za Nairobi. Aliuliza jambo moja, "Yule wa masikio ya kijivu, alipomrudia alipata ngapi?" Severine akampa karatasi ile ya kitabu cha sala, ambayo nyuma yake marehemu aliandika kwa penseli, milioni tano na laki moja. Akaisoma mara nyingi. Kisha akavua miwani, akaiweka kaunta, akasema, "Miaka mitano, ndugu yangu." Severine alimweleza kwamba isale lile hakulipokea kwa kujua, kwa hiyo familia haimfungi nalo, ni juu yake kulirudisha au kulibakisha. Alijibu, "Nitakuja mazikoni."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia ndugu yetu bila kuchoka, mapadre waliomfariji, majirani wa Mtaa wa Sikukuu, Waislamu kwa Wakristo, mliolala nje kwenye mikeka pamoja nasi, Bwana Bushiri na wenzake wa sokoni waliotulisha siku hizi mbili, na wafanyakazi wenzake wa maabara. Kwenu ninyi wa maabara marehemu ameacha ombi, lile jedwali lililoko ukutani libanduliwe, wanyama wahesabiwe upya kwa kuacha mistari miwili, na hesabu za daftari la Bwana Ghanshyam zitafutwe, kwa sababu ndizo zilizokuwa za kweli.

Yanayofuata hayamo katika karatasi. Bwana Ghanshyam amekuja, ameketi kule karibu na mlango pamoja na mama Champaben, hana miwani, na miguuni pake lipo kopo la samli lenye isale. Hatujamwuliza amelileta ili aturudishie, au ili lipandwe pale tunapokwenda, na tunawaomba ninyi nyote msimwulize, msimtazame, mwacheni aamue kwa wakati wake, sisi tutalipokea au tutachimba shimo, vyovyote atakavyo.

Leodegar, kaka, tumesoma yote. Amani ya mapumziko yako tunaiomba kwa Mungu, na kwa Bwana Ghanshyam.